Maneno Yake, Vinywa vya Watu

Usiku wa manane, mwandishi wa habari aliyelewa chakari anamgongea mtu asiyemzoea. Anakaribishwa, anaketi, anaanza kumwaga ya moyoni, kisha kwikwi inamkatiza. Mwenye nyumba anamtazama na kusema "Samahani," kana kwamba kwikwi ni yake.

Mlevi ni James Stewart, mwenye nyumba ni Cary Grant, filamu ni The Philadelphia Story ya mwaka 1940. Mdogo wangu, ambaye picha isiyo na rangi humwondoa sebuleni kabla ya dakika ya tano, alicheka mpaka akanyang'anya rimoti tuirudie.

"Dada, aliyeandika hii alikuwa noma."

Nikatafuta jina. Mwandishi wa skripti ni Donald Ogden Stewart, ambaye hana undugu na James. Na kwikwi ile hakuiandika. James aliitoa mwenyewe mbele ya kamera bila kumtonya mwenzake, Grant akalazimika kuijibu papo hapo. Ukimkazia macho unaona anavyoubana mdomo asicheke.

Kwa hiyo pale tulipovunjika mbavu hapana mwandishi.

Ningeweza kuliacha hapo, ila nami nilianzia kwenye vichekesho, vya gazetini na vya redio, kabla sijaitwa kwenye chumba cha waandishi wa tamthilia. Nikipanda daladala na kusikia abiria wakirudia mstari nilioukesha, sifa zote zikienda kwa mwigizaji, kuna kitu kinanikwaruza. Nikaanza kumfuatilia huyu Donald kwa udadisi wa mtu wa kazi moja. Wiki zikapita. Sasa nimemfuatilia vya kutosha kujua kwamba lile swali langu la nani apewe sifa lilikuwa swali dogo.

Mwigaji

Alizaliwa mwaka 1894 huko Columbus, Ohio, mtoto wa jaji. Akasoma chuo kikuu cha Yale, akapita jeshi la wanamaji wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, akafanya kazi kampuni ya simu. Kazi hiyo ya simu ndiyo iliyomfikisha St. Paul, Minnesota, akakutana na mwandishi wa riwaya F. Scott Fitzgerald, na Fitzgerald ndiye aliyemfungulia mlango wa jarida la Vanity Fair.

Kitabu chake cha kwanza kilitoka mwaka 1921: A Parody Outline of History. Mwandishi Mwingereza H. G. Wells alikuwa ameandika kitabu cha historia ya dunia nzima na watu wakakinunua kama maandazi ya asubuhi, basi Stewart akaichukua historia ya Marekani na kuisimulia kwa kuwaigiza waandishi wa wakati wake, sura moja kwa kila mmoja. Mapenzi ya walowezi wa kwanza yakasimuliwa kwa sauti ya Fitzgerald, kifo cha Jenerali Custer kwa sauti ya Edith Wharton, mapinduzi ya kudai uhuru kwa barua za askari anayeandika kama Ring Lardner.

Kilipendwa sana. Mimi kilichonishika ni kwamba kitabu kilichompa jina hakina sauti yake. Alikuwa na sikio la ajabu. Anakusikiliza, kesho yake anakuwa wewe kuliko wewe mwenyewe.

Watu wa aina hiyo tunawajua. Ndio wanaoalikwa kila harusi.

Bill, halafu Nick

Stewart alialikwa kila mahali. New York alikuwa akikaa na kundi la waandishi wacheshi, akina Dorothy Parker na Robert Benchley, kwenye meza ya hoteli ya Algonquin. Ulaya alikuwa akizunguka na mwandishi Ernest Hemingway. Mwaka 1924 walikwenda pamoja Pamplona, Hispania, kwenye sherehe za fahali, fahali akamvunja mbavu. Mwaka uliofuata akarudi tena, na safari hiyo ya pili Hemingway akaigeuza riwaya, The Sun Also Rises. Ndani yake yumo rafiki mcheshi, Bill Gorton, anayetania kuanzia kifungua kinywa mpaka chupa ya mwisho. Sehemu kubwa ya Bill imetoka kwa Stewart.

Mwenyewe hakukiona cha ajabu kitabu kile. Kwake kilikuwa kama ripoti nzuri ya safari, mambo yalivyokuwa ndivyo yalivyoandikwa.

Utani wake ulikuwa umeuzwa na mtu mwingine, akaona ni sawa tu.

Kisha akaja Philip Barry, mwandishi wa tamthilia za jukwaani, naye mtu wa Yale. Katika tamthilia yake Holiday ya mwaka 1928 kuna Nick Potter, rafiki msomi na mcheshi anayewakejeli matajiri huku akila kwao. Nick amechongwa kutoka kwa Stewart, na Barry hakuona haya kumwita Stewart mwenyewe aje aucheze uhusika huo Broadway, kwenye kumbi za maigizo za New York. Akaucheza. Hollywood ilipoifanya filamu mwaka 1930, Nick alikuwa Edward Everett Horton. Ilipoifanya tena mwaka 1938, Nick akawa Horton yuleyule. Na safari hii ya pili, mmoja wa waandishi wawili wa skripti alikuwa Donald Ogden Stewart.

Niliposoma hapo niliinuka nikatembea kidogo. Mtu ameajiriwa kuandika mistari ya mhusika ambaye ni yeye, aliyetungwa na mwingine, atakayechezwa na mwingine.

Nilitaka kuona uchungu mahali fulani. Sikuuona. Alikuwa na mshahara wa studio ya MGM, bwawa la kuogelea, na marafiki kuliko mwanasiasa wakati wa kampeni. Uchungu ulikuwa wangu.

Mahali asipocheka

Kuna kisa kimoja cha mwaka 1926 ambacho mwanzoni nilikiruka. Paris, nyumbani kwa mshairi Archibald MacLeish, wamekusanyika marafiki. Hemingway anasimama na kusoma shairi la kumdhihaki Dorothy Parker, ambaye hayupo. Shairi ni chafu. Linacheza na majaribio ya Parker ya kujiua.

Stewart, mcheshi wa kazi, mwalikwa wa kila meza, akamwambia Hemingway pale pale kwamba alichofanya si sawa. Urafiki wao ukafa usiku huo.

Nimekirudia kisa hiki mara nyingi kuliko filamu zake, kwa sababu kinapinga picha niliyokuwa nimeshaanza kumchora: bwana mkubwa asiye na uti wa mgongo, anayeazimisha ulimi wake kwa yeyote mwenye sahani ya chakula. Mtu wa hivyo angecheka. Au angejikoholesha na kuomba chumvi.

Kwa hiyo uti wa mgongo ulikuwepo. Ila ulikuwa haujapata kazi.

Tuzo

Turudi kwenye kwikwi. The Philadelphia Story ilikuwa tamthilia ya Barry huyohuyo, na Katharine Hepburn alikuwa ameshaicheza Broadway. Stewart aliigeuza kuwa skripti, na tarehe 27 Februari 1941, katika hoteli ya Biltmore, Los Angeles, Stewart wawili walipanda jukwaani kupokea tuzo za Oscar: James kwa uigizaji, Donald kwa uandishi. Inasimuliwa kwamba Donald, baada ya kuwasikia washindi wengine wakishukuru ukoo mzima, alitangaza kwamba sifa zote ni zake peke yake. Ukumbi ukacheka.

Ukumbi ulicheka kwa sababu kila mtu pale alijua si kweli. Miaka ya baadaye alikuwa akisema ile ni tuzo rahisi kupita kiasi: Barry alishaiandika vizuri, kazi yake ilikuwa kutoiharibu.

Hapa simwamini sana. Kwenye tamthilia ya Barry, Tracy Lord, bibi harusi anayechezwa na Hepburn, ana kaka, Sandy, na ndiye anayewaingiza waandishi wa habari ndani ya nyumba. Filamu imemfuta kaka mtu na kazi yake amekabidhiwa Dexter, mume aliyeachwa. Anayefanya kazi hii ataona uzito wa badiliko hilo. Sasa Dexter haji kutazama harusi, amekuja akiwa na jambo lake, na kila tabasamu la Cary Grant linakuwa na kitu nyuma yake. Halafu kuna ule ufunguzi: Hepburn anamtoa mumewe nyumbani, anavunja fimbo yake ya gofu gotini, jamaa anarudi na kumsukuma uso mpaka anaanguka. Hakuna anayesema neno. Jukwaani onyesho hilo halikuwepo.

Ukiuliza ni mkono wa nani, studio za enzi zile hazikupi jibu. Skripti ilipita kwa mtayarishaji, kwa mwongozaji George Cukor, kwa mikono mingine isiyotajwa. Hata leo ni hivyohivyo, tena sisi tuna Google Docs inayoonyesha nani amefuta nini saa ngapi, na bado tunagombana.

Na katika filamu hiyohiyo, Mike, mwandishi wa habari maskini, anatamka mstari wa kejeli kwamba hakuna kitu kizuri kutazama katika dunia hii nzuri kama tabaka lenye upendeleo likiufaidi upendeleo wake. Mstari mtamu. Nao ulitiwa kwenye skripti na mtu ambaye, wakati huo, alikuwa rais wa Umoja wa Waandishi wa Marekani, umoja wa mrengo wa kushoto uliokuwa karibu kabisa na Chama cha Kikomunisti.

Hapo ndipo nilipokosa usingizi.

Duka la vitabu, London

Jinsi alivyofika kule ni kichekesho, na nadhani alijua. Katikati ya miaka ya 1930 alikuwa anatunga tamthilia, na ndani yake alitaka amweke mkomunisti. Hakuwa anamjua mkomunisti hata mmoja wa kumsikiliza. Akiwa London akaingia duka la vitabu akaomba wampe kitu cha kumwelimisha, wakampa kitabu cha John Strachey, Mwingereza aliyekuwa akiutetea ukomunisti. Akasoma ili apate mistari ya mhusika.

Akatoka amekuwa mhusika.

Lile sikio lilimponza, au lilimwokoa, inategemea unamuuliza nani. Amezoea kuingia ndani ya sauti za watu na kutoka. Safari hii hakutoka. Mwaka 1936 alikuwa miongoni mwa walioanzisha Hollywood Anti-Nazi League, umoja wa kupinga Wanazi, pamoja na Dorothy Parker, akawa mwenyekiti wake, wakati ambapo baadhi ya studio kubwa bado zilikuwa zinauza filamu Ujerumani na hazikupenda kelele. Mwaka 1939 akamwoa Ella Winter, mjane wa mwandishi Lincoln Steffens, mwanamke ambaye siasa hizo alikuwa nazo zamani.

Sitaki kumpaka mafuta. Agosti mwaka huohuo wa 1939 Stalin alipofanya mkataba wa kutoshambuliana na Hitler, wengi waliondoka. Stewart alibaki, na umoja aliouongoza ukageuka kupinga Marekani kuingia vitani, mpaka Hitler alipoivamia Urusi mwaka 1941 na msimamo ukageuka tena. Mtu aliyekuwa na macho ya kuona upuuzi kwenye sherehe yoyote ya matajiri hakuuona huu. Au aliuona akanyamaza, sijui lipi ni baya zaidi.

Nimejaribu kujiambia kwamba ucheshi hauna kinga dhidi ya imani. Lakini usiku ule Paris alikuwa nayo.

Alipopata nafasi ya kusema

Mwaka 1942 MGM walimpa riwaya ya I. A. R. Wylie aigeuze, ikawa Keeper of the Flame. Spencer Tracy ni mwandishi wa habari anayetaka kuandika maisha ya shujaa wa taifa, Robert Forrest, aliyekufa gari lake lilipotumbukia mahali daraja lilipokuwa limebomoka usiku wa mvua. Hepburn ni mjane. Kidogokidogo tunagundua kwamba shujaa huyo mpendwa, mwenye vikundi vya vijana nchi nzima, alikuwa anapanga kuipindua nchi na kuweka ufashisti wenye bendera ya Marekani.

Katika kazi zake zote za filamu, hii ndiyo aliyojivunia zaidi.

Niliitazama peke yangu. Saa ya kwanza imetulia, ina giza na mvua na watu wanaoficha mambo. Kisha Hepburn anaanza kueleza. Anaeleza. Anaendelea kueleza. Kila anachosema ni cha kweli na cha kutisha, na filamu inakufa mikononi mwake. Cukor mwenyewe hakuja kuipenda.

Hakuna kichekesho.

Hili liliniuma kuliko nilivyotarajia. Mtu ameandika miaka ishirini kwa sauti za wengine, akiwachekesha watu kwa sikio lake. Siku anapopata jambo lake la kusema, analisema kwa sauti ya mhadhiri. Nilibishana na mhariri mmoja tunayefanya naye kazi, bingwa wa kukata maneno. Yeye anasema tatizo ni kurasa nane tu za mwisho, angezikata, ikawa filamu nzuri. Mimi naona kurasa hizo nane ndizo pekee ambazo Stewart aliandika bila kumsikiliza mtu yeyote. Ukizikata umemkata yeye.

"Basi ndiyo maana zinaboa, kaka yenu hakuwa na kitu chake," akasema.

Siwezi kukubali, ingawa siku mbili nzima sikuwa na jibu.

Majina

Jibu lilikuja kwa kuangalia ni wapi alinyamaza.

Msako wa wakomunisti Hollywood wasomaji wangu wanaujua: kamati ya Bunge mwaka 1947, watu kumi waliofungwa, orodha nyeusi ya walionyimwa kazi. Mmoja wa wale kumi alikuwa Ring Lardner Mdogo, mtoto wa Ring Lardner yule ambaye Stewart alimwigiza mwaka 1921. Stewart hakuitwa kuketi mbele ya kamati. Kwake ilikuwa ya kimyakimya zaidi, mambo ya ofisini. Mwajiri wake alitaka ajisafishe. Na kujisafisha wakati ule kulikuwa na fomula moja: taja wenzako.

Hakutaja. Mkataba ukaisha. Mwaka 1951 yeye na Ella wakahamia London, wakakaa Hampstead katika nyumba iliyowahi kuwa ya waziri mkuu Ramsay MacDonald, na haikuwa tena makazi ya kupita. Serikali yake ikamnyima pasipoti, akapelekana mahakamani na Waziri wa Mambo ya Nje, John Foster Dulles. Ni kesi ya mtu mwingine, mchoraji Rockwell Kent, iliyokuja kubadili mambo mwaka 1958, pale Mahakama ya Juu iliposema wizara haikuwa na mamlaka ya kumnyima raia pasipoti kwa sababu ya itikadi yake.

Tazama inavyochekesha. Katika biashara ambayo hakuna aliyeweza kusema kwa uhakika mstari upi ni wa Stewart, ofisi ilijua vizuri kabisa maneno yapi yalipaswa kutoka kinywani mwake na si kwa mwingine. Hemingway aliuchukua utani wake, Barry akamchukua mzima mzima, studio ikachukua iliyobaki, wala hakudai. Walipomwekea mdomoni majina ya watu, akawatemea.

Nilimpelekea yule mhariri. Akanijibu kwa kidole gumba, kisha: "Sawa. Lakini bado inaboa."

Gilbert Holland

Aliishi uhamishoni kwa takriban miaka thelathini. Mwaka 1975 alitoa kumbukumbu za maisha yake na kuziita By a Stroke of Luck!, kana kwamba yote, kuanzia Fitzgerald mpaka tuzo mpaka duka la vitabu, ni bahati nasibu. Anapomsimulia Donald kijana anachekesha kwelikweli. Akifika kwenye siasa kalamu inakauka, na ninaanza kudhani alipenda iwe hivyo, kwamba hakutaka wale aliowaamini wachekwe hata kidogo. Alifariki London, Agosti 1980.

Lakini kuna filamu moja ya Uingereza ya mwaka 1955, Escapade, ambayo nimeifikia mwishoni kwa kuwa jina lake halimo. Nayo imetoka kwenye tamthilia ya mtu, Roger MacDougall. John Mills ni baba anayepigania amani ya dunia. Anaandaa mikutano, anatoa hotuba, na nyumbani hakuna amani hata ya dakika kumi, kwa sababu mpigania amani huyu ana hasira za moto wa petroli. Wanawe, walioko shule ya bweni, wanaamua kulifanya kwa vitendo jambo ambalo baba analihutubia. Alastair Sim ni mwalimu mkuu, na kila anapoingia nilikuwa nacheka kabla hajafungua mdomo.

Filamu hii ina msimamo kuhusu vita, na msimamo wake hauna aibu. Vilevile inamcheka mwenye msimamo, tena kwa sauti, mbele ya mke na watoto wake. Vitu hivyo viwili nilikuwa nimevitafuta pamoja katika kazi zake zote za Hollywood.

Kwenye majina ya mwanzo, mwandishi wa skripti ni Gilbert Holland. Mwanzoni nilidhani amelitunga. Jaji wa Columbus, Ohio, baba yake mzazi, aliitwa Gilbert Holland Stewart.